Asilimia Kumi na Nne ya Mwanga

Jumanne, saa kumi jioni, Rumonge.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ziwa halionekani. Milima nayo haionekani, na hilo ndilo jambo zuri pekee la leo, maana siku ambayo sisi hatuwaoni walioko juu na bunduki zao, wao nao hawatuoni.

Sijala. Sina njaa.

Ninaandika haya kwenye kompyuta ya kazi, kwa mafuta ya jenereta ambayo si yangu. Kesho diski itapanda boti la mawese kwenda Bujumbura, kwa sababu barabara imefungwa tena pale Muhuta, na binamu yangu anayefanya kazi kwenye cyber ataiweka hapa kwenye blogu kama anavyofanya siku zote. Kwa hiyo mtakaposoma, huenda jambo lenyewe litakuwa limeshaamuliwa. Mimi bado sijui litaamuliwa vipi.

Naogopa. Nianze na hilo.

Kwa wasionijua: mimi ni mchoraji wa majengo. Si mhandisi, watu wananiita hivyo na mimi huwa nanyamaza, lakini si mhandisi. Nilisoma miezi mitatu Bujumbura namna ya kuchora nyumba kwa kompyuta, nikarudi kwetu na kazi, wakati wenzangu wengi walikuwa wanarudi na virago tu. Programu ile ina kitu kimoja nilichokipenda kuliko vyote, nacho ni jedwali. Ukichora chumba na ukaweka madirisha kwenye kuta zake, jedwali linajijaza lenyewe: jina la chumba, eneo la sakafu, eneo la madirisha, halafu mwishoni asilimia. Ukiongeza dirisha, asilimia inapanda papo hapo.

Shirika linalotusaidia kujenga jengo la uzazi, pale njia ya kwenda Kigwena, lilitoa sharti moja kuhusu mwanga. Madirisha ya kila chumba yasipungue asilimia kumi ya sakafu. Ni sharti la busara, kwa sababu umeme kwetu ni habari za kusikia. Chumba cha kuzalia, katika jedwali langu, kilitoka na asilimia kumi na nne.

Mhandisi wa shirika hajawahi kufika hapa. Kila akipanga safari, barabara inafungwa. Anachokiona ni jedwali langu. Alinijibu kwa neno moja, "Bravo", nami nikalisoma mara tano, nikalala nikitabasamu kama mjinga.

Nilijivuna. Lazima niseme hivyo kabla sijasema mengine.

Nina mdogo wangu, Mariamu. Ana mimba ya miezi minane na anakaa na mimi, kwa sababu mume wake yuko Kabonga kwenye uvuvi na huko hakuna mkunga. Hii ni mimba ya pili. Ya kwanza alijifungulia hapa nyumbani, chumba cha nyuma, kile kinachotazama milimani. Dirisha lake tulikuwa tumeliziba kwa matofali kama kila mtu mtaani alivyoziba la kwake. Ilikuwa mchana, lakini ndani ungedhani ni magharibi. Mimi nilishika taa ya mafuta. Taa ya mafuta ina mwanga wa njano, na katika mwanga huo kila mdomo unaonekana mzima, hata wa mtu anayeishiwa damu. Kanga aliyolalia ilikuwa nyeusi. Hatukuona chochote mpaka alipoacha kutujibu.

Mtoto hakuishi. Mariamu aliishi, sijui kwa nini, Mungu anajua.

Ndiyo maana nililitaka jengo hili. Wengine walitaka kazi. Mimi nilitaka chumba ambacho mtu anaweza kuona damu.

Jana saa nne asubuhi Mama Spesi, mkunga wetu, aliagiza niende. Jengo litafunguliwa Jumatatu, wageni wamealikwa, na rangi ya kuta haijakauka vizuri. Nilidhani ananiita kunipongeza. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba cha kuzalia, kando ya kitanda cha chuma, na mkononi ana sindano na uzi mweusi.

"Zaina, amahoro," akanisalimu. "Ingia, funga mulango." Akaninyooshea sindano. "Ingiza uzi."

Hivyo ndivyo anavyopima chumba. Tangu enzi za mama yangu, kabla hajakubali kuzalisha mahali, anasimama pale atakaposimama akifanya kazi na kutunga uzi. Uzi ukiingia kwa mara ya kwanza, anafungua mkoba wake. Usipoingia, kitanda kinahamishwa, hata mwenye nyumba awe nani.

Nikajaribu. Nikalamba uzi, nikajaribu tena. Mikono yangu haitetemeki. Nyumbani ni mimi ninayewatungia sindano watu wote. Mara ya sita nikaacha.

"Siko naona," nikasema.

"Na mimi siko naona. Na leo iko jua. Wewe ndiye ulichora. Ulikuwa unaona nini?"

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

Nilirudi ofisini, nikawasha kompyuta, nikafungua jedwali. Kumi na nne. Nikafunga, nikafungua tena, kumi na nne. Nilikaa pale nikiitazama namba ile mpaka jenereta ikaanza kukohoa, na ndipo nikaelewa nilichokifanya.

Chumba kile hakina madirisha. Kina klaustra.

Klaustra ni yale matofali ya saruji yenye matundu, yanayopangwa pamoja kujaza nafasi ya dirisha. Huku kwetu siku hizi kila jengo jipya lina klaustra. Vioo viliibwa au vilivunjika zamani, na kwenye klaustra mtu hawezi kurusha guruneti likapita. Tulikubaliana hivyo sote, na hakuna aliyekosea. Ila programu yangu haina klaustra. Walioitengeneza hawakuwahi kuzihitaji. Kwa hiyo nilichora dirisha la kioo lenye ukubwa uleule, nikajiambia nitarekebisha baadaye. Jedwali likahesabu tundu lote kuwa mwanga mtupu.

Sikurekebisha. Namba ilikuwa nzuri.

Na kuna lililo baya zaidi ya hilo. Niliingia chumba kile pengine mara ishirini wakati kinajengwa. Nilisimama ndani nikapima, nikaandika, nikaelekeza mafundi, na sikuona kwamba ni cha giza. Miaka kumi tumekaa katika vyumba vilivyozibwa. Macho yetu yamezoea. Nilikuwa nimesahau chumba chenye mwanga kinafananaje.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye mvua na Kitenge, fundi wetu. Kitenge ni mtu wa Uvira, alivuka ziwa akikimbia vita vya kwao akaangukia vyetu, na huwa anasema Mungu alimkosea anwani. Nilimwambia tuhesabu matundu. Hakuuliza sababu. Alipanda ngazi na futi yake, mimi nikaandika.

Kila klaustra ina matofali thelathini na tano, na matundu ya tofali moja hayafiki hata theluthi ya uso wake. Ziko mbili, moja upande wa ziwa na nyingine upande wa milima, na ile ya ziwani iko chini ya baraza pana tuliyoijenga kwa ajili ya ndugu wanaosubiri wagonjwa. Baraza nayo jedwali halikuiona. Nikajumlisha juu ya kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, nikarudia mara tatu.

Asilimia nne nukta mbili. Hiyo ni kabla ya kutoa kivuli cha baraza.

"Dada," Kitenge akaniambia, "tuliweka klaustra sababu ya masasi. Kama tunatoa ya mulimani, watapiga. Kama tunatoa ya ziwani, bado iko baraza. Utafanya nini?"

Huku ndiko tulikopangiwa kuishi: jua la asubuhi linatokea milimani, na risasi, hayo masasi ya Kitenge, zinatokea hukohuko. Ukitaka moja unapokea na nyingine.

Maji yamenifika shingoni, na niseme wazi kwa nini. Nikiandika ukweli, shirika litasimamisha kazi mpaka mtu aje kukagua. Nani atakuja? Kwa barabara ipi? Jengo litafungwa kwa kufuli, na Mariamu atajifungulia chumba cha nyuma, na mimi nitashika taa ileile. Nikinyamaza, jengo litafunguliwa Jumatatu kwa nyimbo na hotuba, na Mariamu ataingizwa kwenye chumba ambacho mkunga haoni uzi. Nimegeuza jambo hili pande zote tangu jana na kila upande naona mdogo wangu amelala na hatujibu.

Saa sita mchana nilifanya kitu cha aibu. Niliwasha kompyuta, nikachukua dirisha moja kubwa na kulivuta mpaka kwenye ukuta wa milimani. Kubofya mara moja tu. Jedwali likaruka hadi ishirini na moja. Kwenye picha chumba kikajaa jua mpaka miguuni pa kitanda, kikapendeza kweli, na kwa muda kidogo nilipumua kama vile nimejenga kitu.

Kisha nikafuta. Nilikaa dakika nyingi kabla ya kufuta, msidhani nilifanya haraka.

Nilipokuwa nafuta ndipo macho yangu yalipoteremka kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, ambao sikuwahi kuujali. Ofisi ya mwenyekiti. Asilimia ishirini. Na hayo ni madirisha ya kweli, mawili, ya chuma, ya kufungua, upande wa ziwa, nje ya baraza, kwa sababu mabati yalituishia kabla ya kufika pale.

Mwenyekiti wa chama chetu, kinachojenga jengo hili, ni mtu mzima, mpole, anayependa kusikilizwa. Nilimkuta amekaa humohumo, madirisha wazi, anasoma. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia nilikosea. Nilimwomba ofisi yake iwe chumba cha kuzalia.

"Binti, Jumatatu wageni wanafika," akasema taratibu. "Jedwali ulituma, walikubali. Acha vile iko."

Nikamwambia haiwezekani, mkunga haoni.

Mzee akaweka kiganja kwenye chuma cha dirisha. "Haya madirisha nilitoa kwa nyumba yangu, ile walichoma. Ndiyo kitu ilibaki. Nilisema angalau nitakaa nayo."

Sikujua. Mimi niliyapima madirisha yale, nikaandika urefu na upana wake, na sikuwahi kuuliza yametoka wapi. Nikatoka nje mvuani nikiwa nimeshindwa kabisa.

Mama Spesi hakungoja ruhusa ya mtu. Nilipomweleza alifunga kanga kiunoni, akaenda ofisini, akampa mwenyekiti salamu yake ya amahoro, akasimama katikati ya chumba na kutunga uzi. Uliingia mara ya kwanza, na nje kulikuwa na mvua na wingu zito. Akatoka, akamwita Kitenge, akaniita na mimi. "Mubebe kitanda," akasema.

Tukakibeba. Ni kitanda cha chuma, msaada wa zamani, kizito mpaka mifupa inalia. Tulikitoa chumba cha kuzalia bila shida, kwa sababu mlango wa pale niliuchora mpana. Tukakipitisha kwenye korido. Kikafika mlango wa ofisi, kikakwama.

Mlango wa ofisi ni sentimita themanini. Najua, nimeuandika mwenyewe kwenye jedwali la milango. Kitanda kina tisini na nne. Tukakilaza ubavu, vile vyuma vya kuwekea miguu vikagonga fremu. Tukajaribu kukisimamisha wima, kikagonga dari. Kitenge alisukuma mpaka akakwaruza kiwiko, Mama Spesi anavuta kutoka ndani, na mimi katikati nimeshika mguu wa kitanda huku nalia, nasukuma na kulia, kama mtu aliyeondokewa na akili.

Mwenyekiti alisimama pembeni muda wote, kofia mkononi. Kitenge alipoketi sakafuni kupumzika, yule mzee alikusanya makaratasi yake mezani, moja moja, akayaweka chini ya koti yasilowe, akaondoka. Ufunguo aliuacha mlangoni.

Nimekaa ninautazama ufunguo ule kichwani mwangu tangu saa nane.

Kitenge anasema kesho saa moja asubuhi atavunja ukuta, upande mmoja wa fremu, sentimita ishirini, na kuupiga lipu kabla ya Jumatatu kama saruji itatosha. Anasema haitatosha. Kitanda kwa sasa kimebaki koridoni, nusu kimefunikwa turubai.

Nami nimeandika jedwali upya. Chumba cha kuzalia: nne nukta mbili, na chini yake nimeeleza kwa maneno kilichotokea, klaustra na baraza na yote, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Nimeeleza pia kuhusu ofisi. Limo katika diski hiihii. Mhandisi atalipata siku ileile mtakayosoma ninyi. Huenda akasema sawa. Huenda akafunga jengo, akamtafuta mchoraji mwingine, na atakuwa na haki. Kazi hii ndiyo inayotulisha, lakini leo hata hilo limekaa mbali, nalisikia kama habari za jirani.

Kilichobaki kilikuwa Mariamu.

Nilimkuta jikoni anachambua dagaa, miguu imevimba, ameketi kwenye kigoda cha chini kabisa nilichomkataza kukalia. Aliponiona uso akauliza kama kuna waliokufa. Nikamwambia hapana. Nikakaa chini karibu naye nikamwambia kila kitu: sindano, namba, dirisha la uongo nililolichora mchana, mlango. Nilimwambia chumba nilichokuwa namsifia miezi yote hii ni cha giza, na kwamba sijui kama atapata kingine.

Alichambua dagaa kidogo.

"Mimi sikuwa naogopa," akasema, "kwa sababu ni wewe ulichora."

Hakunilaumu. Alikuwa ananieleza tu.

Nilishindwa kumtazama. Nadhani aliona, kwa sababu alinigusa bega kwa kiwiko, mikono yake ikiwa na samaki, akasema kwa sauti ya kunituliza, vile mimi nilivyokuwa nikimtuliza utotoni, "Basi dada, usilie. Nitajikaza nizae muchana."

Alimaanisha. Alikuwa ameshapanga. Alinieleza kwamba akianza kusikia uchungu jioni atalala kwa ubavu, hatatembea, atakunywa kitu cha baridi, atamzuia mtoto mpaka kukuche, ili Mama Spesi aone.

Nilicheka. Kisha nikatoka nyuma ya nyumba, nikasimama chini ya maji ya bati, nikalia kwa sauti, kwa kuwa mvua ilinifunika na majirani wasingesikia.

Siku zote hizi nimehesabu madirisha. Nimejumlisha, nimegawanya, nimedanganya, nimekiri, na sasa nitavunja ukuta wa watu. Na sikuwahi hata mara moja kujiuliza mtoto atakuja saa ngapi. Madirisha ya mwenyekiti, mazuri kama yalivyo, yanafanya kazi nusu ya siku tu. Nusu nyingine haina safu kwenye jedwali lolote.

Nimemwambia Mariamu ndiyo, ajikaze. Sikujua neno lingine la kumwambia.

Je, nimefanya vibaya kumwachia mzigo huo yeye?